Alivuka, Hakukiuka

Kwa miaka thelathini na minane Nuh Dekow aliwasemea watu wengine mahakamani kama mkalimani, na katika miaka hiyo yote hakutamka neno lenye herufi v kama palikuwa na njia ya kulikwepa. Viatu aliviita makubadhi. Vita aliviita ghasia. Mvamizi alikuwa mshari, na aliyevunja duka alikuwa mwizi aliyeingia kwa nguvu. Watu walidhani ni Kiswahili cha vitabuni, na kwa sehemu kilikuwa hivyo. Mahakimu wa bara waliokuja Garissa kwa uhamisho, wakihesabu miezi ya kuondoka tangu siku walipofika, walimsifu kwamba mzee huyu Msomali anawapita wao. Hakuna aliyejua kwamba sifa hiyo ilizaliwa na aibu.

Aibu yenyewe ilikuwa ya wiki yake ya kwanza. Shahidi alisema kwa Kisomali kwamba mshukiwa alivuka mto Tana na ng'ombe wawili. Nuh, ulimi wake ukiwa bado wa malishoni, usioijua v, akasema, "Alifuka mto." Karani akainua kichwa akauliza kama mshukiwa aliwaka moto au alitoka moshi tu. Mahakama ilicheka mpaka hakimu akavua miwani na kufuta macho. Mshukiwa mwenyewe alicheka, na yeye ndiye aliyekuwa anakwenda jela.

Tangu hapo Nuh alilinda mdomo wake. Hakusoma shule hata siku moja. Kabla ya hapo alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali, na kamusi aliyojifunzia aliiokota kwenye shimo la taka la ofisi hiyo, haina jalada, kurasa za mwanzo zimeungua. Aliisoma kama watu wanavyosoma vitabu vya dini, kwa sauti ya chini, akirudia. Akafungua daftari. Kila neno lililomtia hofu alilitafutia ndugu zake, akaandika tofauti zao.

Ukurasa aliouchosha kuliko zote ulikuwa wa watu wasiotii, maana ndio waliojaa mahakamani. Kuvunja aliliandika juu kabisa akalikata, kwa sababu ya v. Chini yake: kuhalifu ni amri ya mkubwa, mzazi au dini. Kuasi ni mtu mzima mzima kutoka katika utii. Kukaidi ni kusikia, kuelewa, na kukataa. Kutangua ni ndoa, udhu, ahadi. Na kukiuka ni kupita juu ya kitu bila kukigusa, kama unavyomkiuka mtu aliyelala njiani. Maana ya pili ya kukiuka, ile ya kupita mpaka wa sheria, aliiongeza baadaye kwa penseli, kwa herufi ndogo.

Alilipenda neno hilo. Lilimwokoa na kuvuka, lilimwokoa na kupita, ambalo nalo mdomoni mwake lilitoka "kubita". Mtu akivuka barabara, Nuh alisema ameikiuka. Akipita juu ya ua, ameukiuka. Mahakimu wa zamani walimwelewa, maana walikuwa watu waliolelewa na lugha. Hawa wa sasa wametoka vyuo vikuu na Kiswahili cha redio. Kwao kila kosa ni kuvunja sheria, na likiwa kubwa kidogo, ni kukiuka. Wanakiuka katiba, wanakiuka haki, wanakiuka taratibu. Ukimwambia kijana leo kwamba umemkiuka mtoto aliyelala, atakuitia polisi.

Nuh aliliona neno likihama hivyo mwaka baada ya mwaka, likitoka miguuni mwa watu na kupanda kwenye makaratasi, kama alivyoona mambo mengine mengi yakiondoka. Alinung'unika. Lakini hakubadilisha daftari lake. Alisema wao ndio waliopotea, wao ndio warudi.

Mwaka uliopita, Nuh akiwa na miaka sabini na minne, ugonjwa wa mbuzi ulizuka eneo la Balambala, na amri ikatoka kwamba mifugo isisogezwe. Kwenye barabara polisi walifunga kamba ya nailoni kutoka kwenye pipa hadi kwenye mgunga, wakapiga hema. Amri ilisomwa redioni na kubandikwa kwenye ukuta wa chifu. Timiro, mjane wa miaka hamsini hivi, hakuwa na redio na ukuta wa chifu ulikuwa mwendo wa siku mbili kutoka alipokuwa akichunga. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe wote. Alibaki na mbuzi kumi na tisa, na hao ndio waliokuwa maziwa yake, nguo yake na jina lake kati ya watu.

Alipoiona kamba na hema, alifanya kama alivyolelewa. Kwa wafugaji wa kule, hufiki kwa watu na mifugo yako ikikutangulia. Unaiacha nyuma, mbali, mahali wenyeji wanaiona. Unakwenda peke yako, mikono mitupu, unasalimu, unaulizia maji na njia, na ukiruhusiwa ndipo unawaita wanyama. Kupiga kelele ukiwa mbali ni tabia ya mtu mwenye nia mbaya. Timiro aliwasimamisha mbuzi chini ya miti, akaweka fimbo chini, akaiendea ile kamba, akainua gauni kidogo, akavuka.

Askari wawili wakamkamata. Walikuwa vijana wa bara, hawakujua alilokuwa akisema, wala yeye hakujua walilokuwa wakisema. Alipovutwa mkono akapiga ukelele. Mbuzi waliijua sauti yake. Walikuja mbio, wote kumi na tisa, wakapita chini ya kamba. Chifu alipofika, wanyama walikuwa upande uliokatazwa, na askari walikuwa wameshaandika.

Aliletwa mjini, mbele ya hakimu aliyeitwa Kananu, mama mtaratibu kutoka Meru, si mkali, ila mwenye faili arubaini mezani. Mwendesha mashtaka alikuwa Munyao, Mkamba mnene aliyekuwa akijifuta jasho kwa leso tangu asubuhi. Karani alikuwa Wilkister. Nuh alisimama kando ya kizimba, kofia mkononi, kama siku zote.

Shtaka lilisomwa. Nuh akalitafsiri vizuri. Hakimu akauliza kama ni kweli. Timiro akamtazama Nuh, si hakimu, kwa kuwa Nuh ndiye aliyekuwa na sura ya watu wake, akasema kwa Kisomali kwamba kamba aliivuka, hilo hakatai, lakini mbuzi aliwaacha nyuma, alikwenda kusalimu na kuomba ruhusa.

Neno la kwanza la jibu lake lilikuwa la mguu. Hatua, mtu kupita juu ya kitu. Nuh alilijua kama alivyojua jina lake. Katika muda mfupi kuliko pumzi alilipitia kuvuka akaliacha, akalipitia kupita akaliacha.

"Anasema ni kweli," alisema, "alikiuka."

Akafungua mdomo aendelee, kamba, mbuzi, salamu. Munyao akainuka.

"Inatosha, mheshimiwa. Amekiri."

Hakimu alikuwa ameshainamisha kichwa akiandika. Nuh alisimama na maneno yake yaliyobaki. Kwa miaka thelathini na minane hajawahi kumkatiza mwendesha mashtaka. Alisubiri aulizwe. Hakuulizwa. Maelezo ya askari yakasomwa haraka, Timiro akaulizwa kama ana la kuomba, akasema ameshasema.

Miezi mitatu jela. Mbuzi wachinjwe na kuzikwa baada ya siku kumi na nne, kama hakuna rufaa.

Nuh alimtafsiria. Timiro alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Adeer, umewaambia kwamba niliwaacha nyuma?" Adeer ni baba mdogo, na ndivyo mwanamke wa kule anavyomwita mwanamume wa umri wa Nuh anapomwamini.

"Nimewaambia, abaayo," alisema Nuh. Akamwita dada, akamdanganya, yote katika pumzi moja.

Jioni hiyo alirudi ofisini kwa Wilkister kuomba aonyeshwe faili. Wilkister alikuwa mwanamke wa Siaya, mwenye utani mwingi na macho yaliyochoka na vumbi la Garissa. Alimfungulia. Mstari ulikuwa mmoja tu. Mshtakiwa: ni kweli, nilikiuka amri.

Nuh alisema neno amri si lake. Yeye alisema alikiuka, basi.

"Alikiuka nini sasa, mzee? Dirisha?"

"Kamba."

"Hapa hakuna kamba."

Nuh akamweleza kwamba kukiuka ni kupita juu ya kitu bila kukigusa, kwamba ndiyo maana ya asili, na nyingine ni ya kuazima. Wilkister alimsikiliza, kalamu mdomoni. Halafu akasema kwamba yeye amesoma Kiswahili mpaka kidato cha nne na hajawahi kusikia mtu akikiuka kamba, na kwa nini mzee hakusema tu alivuka, neno ambalo hata mtoto wa chekechea analijua.

Nuh aliifunga faili. Alivaa kofia akaenda zake.

Kulikuwa na njia, na Wilkister ndiye aliyemwambia kesho yake. Faili ingeweza kupelekwa kwa jaji aipitie, na amri ya kuua mbuzi ingesimamishwa, ikiwa mkalimani mwenyewe angeapa kwa maandishi kwamba mshtakiwa hakukiri. Kazi ya nusu saa. Wilkister aliipiga chapa mwenyewe, bila kuombwa, kwa sababu yule mama alikuwa amemtia huruma. Akamsogezea Nuh karatasi aitie sahihi.

Iliandikwa: nilikosea kutafsiri.

Nuh aliisoma mara tatu. Akasema hawezi kutia sahihi uongo. Hakukosea. Waandike kwamba neno lilikuwa sahihi ila mahakama haikulielewa.

"Mzee Nuh," alisema Wilkister, "unataka nimwandikie jaji kwamba hakimu hajui Kiswahili?"

"Andika ukweli, binti."

"Jaji hataki kujua neno lina ukoo gani. Anataka kujua nani alikosea, amrekebishie mtu maisha. Ukisema hakuna aliyekosea, atafunga faili aende kula."

Akaondoka na karatasi bila sahihi, akaikunja ndani ya daftari lake. Siku ya pili hiyo. Siku ya nne alikaa nyumbani kwake mtaa wa Bulla, akaandika barua ya kurasa mbili kuhusu neno kukiuka, kwa mwandiko wa tarishi wa zamani, ulionyooka kama safu ya askari. Wilkister aliipokea, akaisoma, akamrudishia bila utani wowote, na hilo lilimuumiza kuliko utani. Siku ya sita aliandika nyingine, fupi. Siku ya nane alikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, akamwomba athibitishe maana ile. Mwalimu akathibitisha, kwa furaha, akamwandikia hata mfano. Nuh akatembea kurudi mjini na kile cheti cha ushindi mfukoni, jua likimchoma shingo, na katikati ya njia akasimama. Alikuwa ameshinda, na hakuna mbuzi hata mmoja aliyesogea.

Siku ya tisa alikwenda gerezani. Timiro aliletwa kwenye wavu, amevaa nguo za jela zilizompwaya. Hakulalamika. Aliuliza mambo mawili tu: nani anawanywesha mbuzi, na kama yule mweupe mwenye pembe iliyovunjika ameshazaa, maana siku zake zilikuwa zimefika. Nuh hakujua. Alikuja na hotuba nzima juu ya maneno na maana zake, lakini mbele ya mtu anayeuliza habari za mbuzi mwenye mimba, hotuba ile haikupata pa kuanzia.

"Abaayo, ulisema ulivuka kamba," alimwambia kwa Kisomali. "Mimi niliwapa neno lenye mashikio mawili. Wao wakashika shikio la pili. Na yaliyobaki uliyosema, sikuyasema. Walinikatiza, nikanyamaza."

Timiro aliushika wavu.

"Kwa nini uliwapa hilo, adeer? Hakuna lingine?"

"Lipo."

"Basi?"

Akamweleza. Kwa mara ya kwanza maishani alimweleza mtu habari ya mto Tana, na karani, na kicheko. Alipomaliza, Timiro hakucheka. Alisema kwamba na yeye wangemcheka angejaribu lugha yao, ila yeye asingejali, kwani wanaomcheka hawampi maji. Kisha askari wa kike akamwondoa.

Nuh alitoka gerezani moja kwa moja hadi ofisini, akaikuta imefungwa, ilikuwa Ijumaa. Wikendi ilikula siku mbili. Jumatatu, siku ya kumi na mbili, alitia sahihi. Nilikosea kutafsiri. Wilkister aliibeba karatasi mwenyewe mpaka masjala ya jaji, akaomba, akabembeleza, wakapangiwa Alhamisi. Wakati huohuo aliandika kwa ofisi ya mifugo kwamba amri isimamishwe, na aliyepokea barua hiyo aliigonga muhuri wa kupokelewa akaiweka kwenye trei pamoja na nyingine.

Alhamisi, jaji, mwanamume mfupi asiyeinua sauti, alimtaka Nuh asimame aseme mwenyewe, kwa Kiswahili, mshtakiwa alisema nini siku ile.

Nuh aliushika ukingo wa meza. Ukumbini mlikuwa na mawakili vijana, askari, watu wenye kesi zao. Aliuma mdomo wa chini kwa meno kama alivyofanya peke yake chumbani usiku mzima akiitafuta v.

"Alisema alifuka kamba," alisema.

Kijana mmoja nyuma akaguna kwa kicheko. Jaji akasema hajasikia vizuri.

"Alifuka, mheshimiwa. Kwa miguu. Mbuzi aliwaacha nyuma. Alikuwa anakwenda kuomba ruhusa. Nilikuwa nimebewa maneno haya yote na sikuyafikisha."

Jaji akaandika. Dakika ishirini baadaye hukumu ilifutwa, mshtakiwa aachiliwe, mbuzi warudishwe kwa mwenyewe. Mwishoni jaji akaongeza, bila ukali, kwamba mahakama itafute mkalimani mwingine kuanzia siku hiyo. Nuh aliinamisha kichwa kushukuru. Hakujua la kufanya zaidi.

Timiro alitoka jela saa tisa alasiri, na nguo zake mwenyewe na mfuko wa plastiki. Aliambiwa aende kwa Munyao atie kidole kwenye kitabu cha vielelezo, apewe mbuzi. Hakuwapo mwingine wa kumsemea, hivyo Nuh akaandamana naye.

Munyao aliwakaribisha viti. Alikuwa na ripoti mbele yake, na alikuwa ameivua leso shingoni, akiikunja na kuikunjua.

"Mzee, mwambie pole," alianza. "Wale mbuzi walichinjwa jana. Siku kumi na nne zilitimia jana. Watu wa mifugo wanasema barua hawakuiona."

Nuh alitafsiri. Safari hii hapakuwa na neno la kuchagua. Katika Kisomali kuchinja ni kuchinja.

Timiro alikuwa bado hajakaa. Aliuliza kama wameliwa. Nuh akauliza. Munyao akasema la, wamezikwa, na chokaa juu yao, ndiyo kanuni. Timiro akauliza kama walikuwa wagonjwa. Munyao akapekua ripoti, akasoma kimya, akasema walipimwa, wote hawakuwa na ugonjwa, lakini majibu yalitoka Nairobi asubuhi ya leo. Walihesabiwa ishirini na mmoja.

"Ishirini na mmoja?" aliuliza Nuh.

"Ndivyo ilivyoandikwa. Kumi na tisa na watoto wawili."

Nuh alimwambia Timiro hilo pia. Angeweza kulimeza. Alikuwa amemeza maneno yake mara moja, na alijua yalivyomgharimu mtu mwingine. Timiro alisema kwa sauti ndogo kwamba basi yule mweupe alizaa pacha. Akauliza kama waliowachinja walimtaja Mungu. Munyao, alipotafsiriwa, akasema kwamba hilo halimo kwenye ripoti.

Lori lilipita barabarani.

"Mwambie nimesikia," alisema Timiro.

"Amesikia," alisema Nuh.

Munyao akashusha pumzi, akavuta kitabu, akaandika mstari, akamsogezea Timiro wino wa kidole. Nuh akakisoma kutoka upande wa pili wa meza, kazi aliyoijua tangu utarishi. Mwenye mali ameelezwa, ameridhika, hana dai.

"Hakusema ameridhika," alisema Nuh. "Wala hajasema hana dai. Amesema amesikia."

"Si yale yale, mzee?"

"Si yale yale."

"Hii ni lugha ya fomu. Kila mtu huandikiwa hivyo." Munyao alimtazama kwa upole wa mtu anayetaka kwenda nyumbani. "Na wewe, samahani, kuanzia leo si mkalimani hapa. Mimi nimekuacha uingie kwa heshima tu."

Nuh akamgeukia Timiro, akamwambia kwa Kisomali yaliyoandikwa, neno kwa neno, na akamwambia asitie kidole. Timiro akairudisha mikono yake ndani ya shuka lake. Munyao alisubiri, wino wazi mezani. Alieleza kwamba bila kidole faili haifungwi. Nuh akatafsiri hilo. Timiro akasema vizuri, isifungwe, akachukua mfuko wake na kutoka.

Munyao aliufunika wino. Alisema ataandika kwamba mwenye mali amekaidi kutia sahihi.

"Hilo sawa," alisema Nuh. "Amesikia, ameelewa, amekataa. Andika."

Akamwangalia mpaka alipolimaliza neno, kisha akatoka. Timiro alikuwa ameshafika kwenye lango, akimuuliza mlinzi kwa ishara za mkono barabara ya Balambala iko upande gani, na mlinzi, kijana wa bara, hakumwelewa.

Nuh akaongeza mwendo.